Paka ameacha mchanga, anakojolea kochi

Ndugu, unasema paka wako dume ameacha kukojoa kwenye beseni lake la mchanga na sasa anakojolea kochi. Kwa kuwa ni dume, kwanza mtazame akichuchumaa. Akijikamua na kutoa matone tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Njia ya mkojo ikiziba, siku mbili tatu zinatosha kumuua.

Kama mkojo unatoka vizuri, likague beseni. Mengi ya dukani ni madogo mno: urefu uwe mara moja na nusu ya mwili wake, mchanga usio na manukato wenye kina cha sentimita 5, na beseni liwe mbali na chakula. Zoa kila siku. Paka wawili, mabeseni matatu.

Kochi usilisafishe kwa dawa yenye amonia. Kwake hiyo ni harufu ya mkojo, atarudia palepale. Tumia sabuni yenye vimeng'enya (enzaimu), vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo.