Mkanda wa Kinu na Baisani wa Marekani

SWALI: Mzee, salamu kutoka Chwele. Nina kinu cha kusaga mahindi hapa sokoni. Juzi mkanda ulikatika, kijana wangu wa kidato cha pili akaniambia eti zamani mikanda ilikuwa ya ngozi, na Wamarekani waliwamaliza nyati wao kwa ajili hiyo. Nikamwambia aache porojo. Ni kweli? Na kama waliisha, hawa tunaowaona kwenye picha wametoka wapi?
– Mwenye Kinu

JIBU: Salamu zimefika. Mwombe kijana radhi.

Ila huyo si nyati kama wetu. Ni baisani, mwenye nundu na manyoya mazito mabegani, utadhani mzee wa Molo aliyejifunika blanketi asubuhi. Walikuwa mamilioni, makadirio mengi huanzia milioni 30. Mwaka 1871 watengenezaji ngozi waligundua namna ya kuilainisha ngozi yake, nene na yenye kunyumbuka, ikafaa kabisa kwa mikanda ya viwandani. Mwindaji alijilaza mbali, akampiga kwanza jike kiongozi, na wenzake badala ya kukimbia wakabaki wanamnusa. Hapo nawaamini waliosimulia, maana nimelinda mbuga ya Nakuru miaka 22 na nimewaona mbogo wakimzunguka mwenzao aliyeanguka. Ngozi ilichunwa, nyama ikaachwa ioze. Wakubwa wa jeshi walifurahi: baisani wakiisha, Walakota na Wakomanche, wenyeji wa asili waliokuwa wakipigana nao, watakula nini?

Baadaye hata mifupa iliokotwa. Mingine ilisagwa kuwa mbolea, mingine ikachomwa ili kusafishia sukari iwe nyeupe. Nyinyi wa miwa mlijue hilo.

Mwaka 1886 William Hornaday, wa jumba la makumbusho la Smithsonian, alikwenda Montana kutafuta baisani wa kukausha na kuwaweka kwenye maonyesho kabla hawajaisha. Akawaua zaidi ya 20! Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwapigania. Hesabu yake ya 1889, porini na mazizini, haikufika 1,100.

Waliookoka wengi walikuwa kwa wafugaji waliochukua ndama wachache wakawalea. Mwaka 1902 mbuga ya Yellowstone, iliyobakiwa na kama 23 hivi, ilinunua 21 kwa watu wa namna hiyo. Mwaka 1907 baisani 15 walipakiwa kwenye treni kutoka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, hadi Oklahoma. Reli iliyozoea kubeba ngozi zao, safari hii iliwabeba wazima.

Leo wako kama 500,000, lakini usidanganyike na hesabu: wengi ni mifugo ya kwenda buchani. Wa hifadhi ni kama 30,000. Hata wa Yellowstone, theluji ikiwasukuma nje kutafuta majani, wengine hukamatwa au kupigwa risasi, kwa sababu wenye ng'ombe wa Montana wanaogopa ule ugonjwa wa kutupa mimba. Na ugonjwa wenyewe baisani waliambukizwa na ng'ombe.