Jumla ya Excel inayotoka 0
Dada wa Hombolo, pole. Umesema jumla ya mauzo ya zabibu inatoka 0 ingawa umeandika =SUM(B2:B13), yaani jumlisha visanduku B2 hadi B13. Fomula yako haina kosa. Shida ni hizo "sh 45000" ulizoandika: Excel ikikuta herufi kama hizo, kisanduku chote inakichukua kama maandishi, na SUM inakiruka. Andika 45000 tupu, neno "sh" liweke juu kwenye kichwa cha safu. Utajua hivi: kwa kawaida namba halisi hujipanga kulia, maandishi hukaa kushoto. Basi.

Halafu, tafadhali sana, kila baada ya mistari michache bonyeza Ctrl na S kwa pamoja ili kuhifadhi kazi yako. Umeme ulinikatikia hapa Dodoma mjini nikapoteza hesabu za asubuhi nzima.