Pampu ya Caravan kwenda Marekani kutengenezwa, anza na forodha ya hapa

Mkuu, umeuliza unaitoaje pampu ya mafuta ya Caravan, ile ndege ndogo ya Cessna, hapo Dar iende Marekani kutengenezwa na irudi bila kutozwa kama mali mpya. Kazi kubwa iko huku kwetu kabla mzigo haujaondoka: mwambie wakala wako wa forodha aiandikishe kama eksipoti ya muda, yaani mzigo unatoka kisha unarudi, siyo ile ya kawaida, na ofisa wa TRA, mamlaka ya mapato, aione pampu yenyewe kabla boksi halijafungwa, asome serial namba kwenye kibati alinganishe na karatasi, maana ikirudi hiyo namba ndo inathibitisha ni ileile, tarakimu moja ikikosewa kwenye invoisi unaanza kubishana na watu huku ndege imelala chini.

Invoisi iwe na thamani halisi, usiandike dola 1, na iseme wazi inaenda kutengenezwa haiuzwi.

Halafu mafuta! Yamwagwe yote, matundu yazibwe, pampu yenye mabaki ya mafuta ni mzigo hatari kwa kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na kuficha ni kuhatarisha roho za watu, hapo sina mjadala kabisa.

Ikirudi, karakana itenganishe gharama ya matengenezo na thamani ya pampu, pia waambatanishe fomu 8130-3 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inayothibitisha kifaa kiko sawa kurudi kazini, fundi wako ataihitaji kabla ya kuifunga. Na wakitaka kukupa nyingine ya stoo badala ya yako wakwambie mapema, namba itakuwa tofauti na forodha hawataihesabu kuwa ndo ile iliyotoka.