Tuta la Udongo Jirani na Nyumba Yetu

SWALI: Shikamoo mhandisi. Sisi ni Wakongo, tulitoka kambi ya Nyarugusu tukaletwa hapa Houston, Texas. Mume wangu amepata nyumba ya kupanga kwa bei nafuu, magharibi ya George Bush Park, ambako watoto hucheza mpira. Majirani wanasema bustani ile ni bwawa. Maji siyaoni, naona majani na tuta refu la udongo. Likipasuka, si tutasombwa?
Mama wa watoto wanne, Houston

JIBU: Marahaba, mama. Majirani wako wamesema kweli. Hilo ni bwawa la Barker, lililokamilika mwaka 1945. Mwenzake, Addicks, alifuata 1948. Wahandisi wa jeshi la Marekani waliyajenga baada ya mafuriko ya 1929 na 1935 kuuzamisha mji. Siku za kawaida maji hupita zake kwenye malango kuelekea mto wa Buffalo Bayou, na ardhi ya ndani hubaki kavu; ndiyo maana pana viwanja na njia za baiskeli. Mvua kubwa ikija malango hufungwa, maji yakajaa palepale wanapochezea watoto.

Nimesimamia matuta ya malambo Dodoma, naijua hofu yako. Tuta la udongo huuawa na maji yanayopita juu yake, au yanayojichimbia njia ndani kwa ndani. Barker linakaguliwa, na limejengewa malango mapya. Kinachonitia wasiwasi ni upande ilipo nyumba yenu. Tuta humkinga anayekaa upande wa chini, maji yanakoelekea. Ninyi mko upande wa juu, maji yanakotoka, na yakizuiwa huwarudia ninyi.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kimbunga Harvey, Agosti 2017. Serikali ilikuwa imenunua ardhi ya bwawa, lakini si yote ambayo maji yangeweza kuifikia, na kwenye ile iliyobaki wajenzi waliuza mitaa mizima. Maelfu ya nyumba ziliingiwa na maji huku matuta yakiwa yamesimama imara. Wengi hawakujua kamwe kuwa wanalala ndani ya bwawa. Hilo linaniuma mpaka leo: ramani zilikuwepo, wenye nyumba wengi hawakuambiwa.

Kwa hiyo msitie sahihi bado. Sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba amweleze mpangaji mafuriko ya miaka 5 iliyopita tu, na Harvey imeshatoka humo. Muulizeni waziwazi: maji yaliingia mwaka 2017? Yalifika wapi ukutani? Kisha waulizeni majirani wa zamani vilevile.

Mkiipenda hata hivyo, kateni bima ya mafuriko ya vyombo vyenu. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko, na ile ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Msimu wa vimbunga huanza 1 Juni, basi iwe imekatwa kabla Aprili haijaisha.