Tanini ya mninga: maranda au gome?

Gome, ndugu. Tanini, ile dawa ya asili ya mimea ya kutengenezea ngozi, ipo kidogo kwenye maranda ya mninga. Iliyo nyingi imo kwenye gome na ule utomvu mwekundu kama damu unaochuruzika mti ukichanjwa. Mimi ni seremala hapa Tabora, na magome tunayaona yakitupwa kila gogo linapopasuliwa, hivyo yaombe hayo. Tafadhali usibandue mti uliosimama, ukiuzungushia kisu mti huo utakufa. Yapondeponde, loweka kwenye maji ya moto yasiyotokota, na tumia chungu au ndoo ya plastiki. Sufuria ya chuma hapana kabisa: tanini ikigusana na chuma maji yanakuwa meusi kama wino na ngozi inapata madoa yasiyotoka.