Jibu: Msimamizi anasema utafiti wangu wa hoteli hauna jicho la uhakiki

Pole, lakini msimamizi wako hajakukatalia mada. Umesema una dodoso la kupima kuridhika kwa wageni, naye kalirudisha akitaka uhakiki. Hataki uiponde sekta ya utalii. Anataka uulize nani ananufaika, nani anabeba mzigo, na nani hajaulizwa kitu.

Mimi ningeanzia kwenye lile swali lako, "Je, wahudumu walitabasamu?" Utafiti uko hapo hapo. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alionyesha, kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege, kwamba kutawala hisia zako ili mteja ajisikie vizuri ni kazi, na mwajiri huiuza. Basi ligeuze swali: nani anafundishwa kutabasamu, nani anampima, na mgeni akimvunjia heshima anaruhusiwa kujibu nini? Mpokezi na msafisha vyumba hawatakupa jibu moja. Mmoja analipwa aonekane, mwingine asionekane.

Hoja ya mwanasosholojia John Urry kuhusu jicho la mtalii (1990), yaani jinsi jamii inavyomfunza mtalii atazame nini na kwa namna gani, isome, ila usiing'ang'anie. Kila tasnifu inayo.

Dodoso usilitupe, lipunguze tu. Ongeza mahojiano nje ya hoteli, na meneja asikuchagulie wa kuhoji. Ficha majina na hata vyeo: kama hoteli ina mpokezi mmoja wa usiku, kuandika "mpokezi wa usiku" ni kumtaja. Kwenye sura ya mbinu sema wewe ni nani kwao. Ukionekana mtu wa uongozi, utaambiwa yale uongozi unayopenda kusikia.