Mkuki wa Plastiki Uliopinda: Maji ya Moto, Kisha Barafu

Ukifungua boksi la mchezo wa mezani ukakuta askari ameinama na mkuki wake umejikunja kama mkia wa nguruwe, usiunyooshe kwa vidole hivyo hivyo. Utatii kwa muda, lakini kesho utaukuta umerudi ulikokuwa.

Vinyago vingi vya michezo hii ni vya PVC laini, aina ya plastiki inayopindika. Vingine hutolewa kwenye kalibu kabla havijapoa vizuri, vingine hubanwa kwenye mfuko na kusafirishwa kwenye joto wiki nzima, vikapinda na kuganda hivyo. Vilivyopindia njiani hujinyoosha vyenyewe ukivitia kwenye maji ya moto, kwa kuwa plastiki inakumbuka umbo la kalibu. Vilivyotoka kiwandani vikiwa vimepinda ndivyo vitakavyohitaji mkono wako.

Chemsha maji kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, uepue. Hapa Nakuru tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94, na kwa PVC laini hizo zinatosha. Shika kinyago kwa koleo, zamisha sehemu iliyopinda tu. Upanga mwembamba hulainika kwa sekunde chache. Mguu mnene unataka nusu dakika au zaidi. Toa, nyoosha, pitiliza kidogo upande wa pili, kisha tumbukiza kwenye bakuli la maji yenye barafu ukiwa bado umekishikilia.

Hapo kwenye barafu ndipo wengi wanapoharibu kazi. Wanachovya mara moja na kuachilia, nje pamekaza lakini ndani bado kuna joto, na mkuki unaanza kuinama tena taratibu. Mimi nashikilia mpaka vidole viume kwa baridi. Maji ya bomba ya hapa si mabaya asubuhi, ila kwa Kisumu mchana nisingeyategemea; nunua barafu.

Kabla ya yote, jua plastiki uliyonayo. Vile vigumu unavyokata kwenye fremu na kuunganisha kwa gundi ni polistirini. Hiyo huanza kulainika karibu na nyuzi 100, kwa hiyo maji yetu ya moto hayaifanyi kitu cha maana, na ukilazimisha inakatika. Kwa hiyo ni afadhali kukata kipande, kukipanga upya na kukigundisha. Rezini, plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, nayo hulainika kwa maji ya moto yasiyochemka, lakini ikiwa baridi haipindi, inavunjika.

Kuna wanaotumia kiberiti au moto wa jiko. Sikubaliani nao hata kidogo: PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma macho na koo, na uso wa kinyago ndio huwa wa kwanza kuyeyuka. Kama kimeshapakwa rangi, tumia mashine ya kukaushia nywele, ukiipeleka huku na huku bila kuituliza mahali pamoja. Kilichounganishwa kwa supaglu kinaweza kuachia kiungo kwenye maji ya moto, basi weka gundi karibu.

Vikishanyooka, visirudi kwenye mfuko. Kata sponji ya godoro kuukuu, toboa nafasi ya kila kimoja, na boksi lisikae kwenye dashibodi ya gari juani.